Sauti ya Vinzenz

Giesing, Munich
9 Novemba 1959

Mpendwa mdogo wangu Kreszenz,

Pokea salamu za kaka yako mkubwa. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Joto la huko Brazili mmelizoea? Mimi mzima. Nina miaka sabini na mbili na bado napandisha makaa mwenyewe hadi ghorofa ya nne, vijana wa humu wananipisha kwenye ngazi.

Mwandiko usiucheke. Kazi yangu ilikuwa farasi na mapipa ya bia, na kwa hayo hakuna aliyeniweza.

Habari za ndugu yetu Vinzenz si nzuri. Agosti alipigwa na kiharusi. Anatembea kwa fimbo, supu yake anakunywa, kila kitu anaelewa, ila sauti imekwenda. Anafungua mdomo, hakitoki kitu.

Unajua tangu vita viishe amecheza filamu ngapi: mtu wa posta, padri, mwenye baa, polisi wa kijijini. Jina lake watu hawalijui, lakini alikuwa akikohoa tu nyuma ya mlango, ukumbi mzima unacheka. Sauti ile ya baba, ya kukwaruza. Sasa hii ya mwisho picha zilikuwa tayari, na huku sauti hutiwa baadaye, mchezaji anasimama gizani anasema upya akifuata midomo yake mwenyewe. Yeye hakuwahi, kiharusi kilimtangulia. Wakamtafuta kijana wa Hamburg, anaongea kama tangazo la redio.

Nikaenda studio. Mlinzi alinizuia, kisha akaona bora aache. Nikawaambia sauti ya Vinzenz ni hii hapa, hata marehemu mama alikuwa akituchanganya tukiwa nje ya mlango. Wewe shahidi. Mwenye filamu akacheka, lakini akanipa nafasi.

Maneno walinisomea, nikayashika upesi kuliko walivyodhani. Nikasimama mbele ya picha yake asubuhi nzima. Yeye anamaliza, mimi naendelea. Au mimi nawahi, na yeye yuko kimya ananitazama tu. Mwisho yule mama anayekata na kuunga filamu akanishika bega.

"Mzee, sauti ndiyo yenyewe, mwili umenisisimka. Lakini midomo yake imeshafunga na wewe bado unasema."

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikashindwa tena. Ndiyo Kreszenz, mimi huyu.

Jumamosi wakaionyesha hapa mtaani. Nilimkataza Vinzenz asiende, akafunga tai kwa mkono mmoja. Ile sauti ya Hamburg ilipomtoka mdomoni kwenye picha, watu walicheka vilevile. Nikamgeukia. Alikuwa akiyafuata maneno kwa midomo, bila kukosea hata moja.

Nje mama mmoja tusiyemjua akampa mkono.

"Mzee wa posta, leo umesema vizuri kuliko siku zote."

Akasubiri ajibiwe. Vinzenz akanitazama, basi nikajibu mimi, nikamshukuru, nikasema mimi ni kaka yake.

"Kaka yake kweli?" akacheka. "Mbona sauti hamfanani hata kidogo."

Nikamshika Vinzenz mkono tukarudi nyumbani.

Filamu hiyo ikifika huko kwenu, mwangalie uso tu.

Nisalimie shemeji na binti yenu Ottilie na wanawe. Vinzenz yuko hapa mezani, ameweka kidole kwenye jina lako. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Korbinian