Gunia Moja na Nusu

Kaka Shabani,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusalimia kabla ya kusema shida. Na shida ninayo, kaka. Naogopa.

Tangu tukuzike Bigwa, ile programu yako ya kupanga mizigo ya malori ya mboga ya Mgeta imebaki mikononi mwangu. Wiki iliyopita naisafisha, nikakuta mstari unaohesabu kila gunia kama moja na nusu. Nikacheka. Nikasema kaka naye siku hiyo alisinzia. Gunia si gunia tu? Nikaufuta, wala sikumuuliza mtu.

Siku ya mzigo, programu ikaruhusu lori lipakie kupita kiasi. Breki zikashindwa kwenye mteremko. Dereva akalibamiza upande wa mlima, Mungu akasaidia, yeye na utingo wake wakatoka na michubuko. Upande wa pili ni bonde tupu, kaka. Unapajua.

Nilimpigia dereva kuomba radhi. Akaniuliza taratibu, "Dada, kwani wewe hujawahi kuona lumbesa?"

Lumbesa! Nimekua nikiyaona Mwembesongo, magunia yamejazwa hadi yakafurika, juu yakaongezewa kilemba cha majani na kamba. Ila mbele ya kompyuta nikaona tarakimu tu. Mstari wako ulijua, mimi sikujua. Ungeiandika sababu pembeni, ungepungukiwa nini? Nimekukasirikia, nisamehe. Uliiweka kichwani, ukaondoka nayo.

Nimeurudisha. Lakini chini yake upo mwingine: Ijumaa, punguza magunia kumi. Nimeutazama hadi macho yanauma. Kwa nini kumi? Kwa nini Ijumaa? Madaftari yako yote nimeyapekua, hamna kitu. Na kesho ni Ijumaa.

Ulizoea kuniambia, "Zuhu, kompyuta haijui kitu. Kawaulize wanaobeba." Nami nikidhani unanifukuza tu ofisini ufanye kazi kwa raha.

Basi kesho asubuhi napanda Mgeta kuwauliza wapakiaji. Sababu nitaiandika pembeni ya mstari, pamoja na jina la aliyenieleza. Nakuahidi. Na wakisema hata wao hawajui, siugusi ng'o. Magunia kumi yatabaki chini, wanilaumu wanavyotaka.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
Zuhura