Nyumba Yako ya Ngungu Haijafungwa

Dada Zawadi,

Nimechelewa kukuandikia. Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike, na kazi ya redio imenizoesha kutoa habari siku ile ile. Hii yako ilinishinda. Sasa nakueleza yote.

Papa Katembo aliungua mkono. Amepona. Lakini nusura aondolewe katika nyumba yako, ulimowapokea yeye na Mama Odette, kwa sababu hiyo, na kosa lilikuwa letu.

Unajua matanga yetu. Watu walipokuja kukulilia, tulitoa vitu vyote nje ili wapate pa kukaa: meza, bidon zile dumu za maji, na mbabula, jiko letu la makaa. Baada ya maziko, akina mama wa parokia walifagia, wakavirudisha ndani jinsi walivyoona vinapendeza. Hata mimi nilibeba. Hakuna aliyekumbuka kwamba mle anaishi mtu asiyeona, na kwamba wewe hukuruhusu hata kijiko kihamishwe. Asubuhi yake Papa Katembo alinyoosha mkono kuchukua maji yalipokuwa sikuzote. Akagusa mbabula yenye moto.

Mama Régine, kiongozi wa akina mama wale, alilia kuliko yeye. Kisha akaitisha kikao. Wakasema nyumba bila wewe ni hatari: Papa Katembo apelekwe Walikale kwa mtoto wa ndugu yake, na Mama Odette, aliyepooza upande mmoja, atafutiwe familia. Walisema kwa upole. Wakati huo walikuwa wanampikia Papa, wanamwogesha, wanamlisha. Mtu aliyeendesha lori kutoka Butembo hadi Walikale kabla macho hayajamwacha alikaa wiki mbili kitandani. Aliniambia tu, "Barabara ya Walikale naijua. Ile nyumba siijui."

Nikafungua daftari langu. Unakumbuka siku niliyokuja kukuhoji, nikamshika Papa mkono nimpeleke mlangoni? Ulinikaripia: "Wacha afike mwenyewe, utamuharibu." Siku ile niliandika jinsi jiko lilivyopangwa. Basi nikarudisha kila kitu kwa maandishi yangu, nikajivuna. Papa Katembo akapiga hatua tatu, akapapasa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ufe.

"Weye journaliste, ndio vile munaandikaka? Bidon iko kushoto!"

Mama Odette akaongeza kutoka kitini, "Na hizo ndio habari tunasikilizaka kila siku."

Tulianza upya, Papa akiamuru, mimi nikibeba.

Jumapili Mama Régine na wenzake wakaja kutoa uamuzi. Papa Katembo aliwapikia chai mwenyewe. Alikuwa anaweka ncha ya kidole kwenye ukingo wa kila kikombe ajue kimejaa. Mama Régine akainuka amsaidie.

"Mama, ukae," Mama Odette akamwambia. "Umuache."

Akakaa. Mikono yake aliikalia, dada, nilimwona. Chai kidogo ilimwagika mezani. Papa akaipangusa.

Alipomaliza kunywa, Mama Régine hakutaja Walikale. Aliuliza kama kuna nafasi. Mdogo wake anayeishi naye macho yanamwishia, na Mama mwenyewe akienda shamba humfungia ndani ili asijiumize. Alisema hayo akitazama kikombe. Hakuna aliyekuwa anajua. Papa Katembo akamjibu, "Umulete. Nitamufundisha. Lakini asihamishe kitu."

Nafasi ilikuwa moja tu, chumba chako. Siku tulipokuzika nilikifunga, ufunguo nikautia mfukoni, na tangu hapo sikuweza kuingia. Hakuna aliyeniomba kufungua. Walingoja tu, wote, hata Papa, uso ukiwa umenielekea.

Nimekifungua. Nguo zako nimempa Mama Odette. Analalamika kwamba mikono ni mirefu, na anazivaa. Godoro nimelianika. Sikukuuliza, dada, lakini nadhani ungenikaripia kwa kuchelewa.

Mgeni anakuja Jumamosi. Nitakuwapo. Naahidi nitakuwa nakuja kila Jumamosi barabara ikipitika, na ikiwa haipitiki nitatembea. Nitakaa kwenye benchi na kuwaacha wafanye kazi zao, hata pale itakaponiuma kutazama.

Pumzika, Zawadi. Chumba chako kimepata mtu.

Mdogo wako,
Espoir