Adeus, Maskini

Mama yangu,

Shikamoo. Dada Saida anayekusomea asome polepole, wala asiruke pale panaponiaibisha, namjua. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, cherehani nzima, na huku Msumbiji, Palma nzima haina mazungumzo siku hizi ila gesi iliyoonekana chini ya bahari.

Mama, ulimi wangu nusura uvunje nyumba ya watu.

Mwenye nyumba ninayopanga anaitwa Anli, na mkewe Zaina hunigawia uji kila asubuhi. Ijumaa Anli aliniletea shati lake la viraka nilitie kiraka kingine. Redio ikatangaza kwamba imepatikana gesi nyingine, nyingi kuliko ya kwanza. Anli akaruka, akalitupa shati juu ya cherehani, akapiga kelele: "Adeus, maskini! Sisi sasa matajiri!"

Kireno changu ni cha sokoni. Nilijua kwamba Deus ni Mungu, maana akina mama wa Kimakonde sokoni wakishtuka humtaja hivyo. Basi nikasikia: "A! Deus maskini." Mungu maskini, sisi matajiri! Ni maneno yale yale aliyotusomesha marehemu baba katika Sura ya Al Imran, ya watu walionena kwamba Mwenyezi Mungu ni fakiri na wao ni matajiri. Badala ya kumuuliza mwenyewe, nikaenda kwa watu wa baraza ya msikiti kuuliza hukumu ya asemaye hivyo. Wakataka jina. Nikalitaja.

Kabla ya sala ya Ijumaa mji ulikuwa umechemka. Vijana wakasema Anli amekufuru, apigwe. Kaka zake Zaina wakaja kumchukua dada yao, kwa kuwa mtu akitoka katika dini ndoa yake huvunjika. Nilimkuta anafunga nguo zake katika kanga, hanitazami. Yule yule wa uji.

Baada ya sala Shehe wa msikiti wetu alituweka mbele, mimi na Anli. Nilidhani ataanza na adhabu. Akaanza na mimi.

"Hamisi, Kireno wakijua weye?"

"Kidogo tu, Shehe."

Akawaambia vijana kwamba neno la kufuru ni zito: humtoa mtu katika dini, humtenga na mkewe, humkosesha urithi. Kwa uzito huo huo, haliokotwi njiani. Hata kwenye nchi zenye makadhi, msemaji huulizwa alikusudia nini, huitwa atubu, na penye shaka adhabu husimama. Tena ni kazi ya kadhi, si ya fimbo za vijana. Na hapa hata kadhi hatuna.

Ndipo akamgeukia Anli.

"Shehe, nalikuwa naliaga shati langu la kimaskini!" Anli akasema, machozi yanamtoka. "Adeus si ndiyo kwaheri?"

Msikiti mzima ukaangua kicheko. Mimi sikuweza. Shehe alinitazama akasema kwamba anayemwita mwenzake kafiri, neno lisipompata mwenziwe humrudia yeye. Mama, sijawahi kuogopa namna ile. Nikatamka shahada upya mbele ya watu wote, nikamshika Anli mikono kumwomba radhi. Akanisamehe. Zaina akarudisha nguo sandukuni. Uji jana nililetewa, ila haukuwa na sukari.

Nilipokuwa natoka, Shehe, aliyesoma skola ya Wareno utotoni, akaniita. "Adeus asili yake ni 'kwa Mungu'," akasema. "Anayeaga humwachia Mungu yule anayebaki nyuma." Nilisimama pale mlangoni na kiatu mkononi, nimesahau kukivaa. Ndilo neno nililotaka mtu apigwe kwa ajili yake.

Utajiri haujafika bado. Anli amelifuata shati lake, na kile kiraka nimekitia bila kumtoza.

Nisalimie shangazi wa Lindi, na mjomba muuza nazi mwambie kanzu yake i tayari. Saida naye asinicheke sana.

Hili la mwisho nimeliandika taratibu: adeus, mama.

Mwanao,
Hamisi