Neno Nililokuficha Wodini

Baba,

Shikamoo. Nimeolewa! Wiki ya tatu hii niko kwa Masanja, huku Masumbwe, na bado nikisikia baiskeli yake uani moyo unaniruka kama wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ananichotea maji mwenyewe, Baba! Majirani wanamtania, "Masanja, umelishwa nini?" Naye anawajibu, "Sijui, ila niongezewe!" Ungecheka mpaka ukohoe.

Lakini siku ya harusi, wenzako wa ngoma walipoingia na majembe yao, nafasi yako ya kuwaongoza mbele ilibaki wazi. Hakuna aliyethubutu kusimama pale. Nikalia, watu wakadhani naaga nyumbani.

Kuna jambo hukulijua. Jiwe la shimo la dhahabu kule Nyarugusu lilipokuponda mguu na kidonda kikakataa kupona, daktari alikuja kitandani kwako. Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni, naye Kisukuma hakijui. Ukaniambia, "Sikiliza wewe msomi, mayu, mama yangu, kisha unipe yote."

Alisema nyama inaoza. Nchi za mbali, alisema, mgonjwa kama wewe huingizwa kwenye chumba cha kubana hewa, akapumua oksijeni tupu mpaka kidonda kifufuke. Huku hakipo. Zimebaki njia mbili: kukata mguu chini ya goti upesi, au kuendelea kusafisha na sindano, ambayo ni bahati nasibu. "Muulize mzee anataka ipi."

Sikukuuliza. Nilikuwa nakuona ukinichezea harusini kwa miguu miwili. Nikakwambia daktari anaendelea na sindano, basi. Ukanishika mkono. "Wabeja, mayu." Ukanishukuru, Baba! Siku ya tisa tukakuzika.

Labda ungekataa kisu. Labda ungesema, kateni, nitacheza nimekaa. Sitajua kamwe. Mguu ulikuwa wako, nami nikauamua kama wangu.

Jana nilimweleza Masanja yote. Akasema, "Kesho mpeleke mama hospitali wewe." Mama yake ana uvimbe shingoni, na Kiswahili hajui.

Nitaenda. Nitamfikishia kila neno la daktari, hata lile la kutisha, kisha nitafunga mdomo nimsubiri ajibu mwenyewe. Nakuahidi, Baba.

Pumzika sasa. Unisamehe, kama huko watu husamehe.

Mwanao,
Kabula