Nimebomoa Nyumba ya Mama Mkwe

Jumamosi, Bariadi. Jua kali, vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye sukari. Nimeshinda na raba mkononi, nafuta.

Niliahidi hapa bloguni kwamba leo ningepandisha katuni ya mama mkwe. Ni hadithi ya jinsi alivyorudi nyumbani baada ya vita vya Kagera, akiwa msichana. Yeye na dada yake walikuta nyumba imechomwa, ng'ombe hawapo, ikabidi waanze upya. Mume wangu ndiye aliyeniomba niichore. Mama yake amehamia kwetu, na hadithi hiyo hajawahi kumsimulia mtu hadi mwisho.

Asubuhi nikampa mama mkwe kurasa azione kwanza. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Ukurasa wa kwanza majivu, wa pili majivu na wasichana wawili, wa tatu nyumba mpya na migomba pembeni kama urembo.

Akavaa miwani. Akacheka alipoona nimempa nywele nyingi. Kwenye ukurasa wa tatu akaweka kidole juu ya nyumba.

"Mama Koku," akaniita, "hapa ndipo tulipomzika mama."

Nikaketi, akanisimulia.

Mama yake alizikwa shambani, katikati ya migomba, kabla ya vita. Kwao ndivyo wanavyozika. Waliporudi, magugu yalikuwa yamefunika kila kitu, kaburi halionekani. Kwa hiyo hawakujenga kwanza. Usiku walijihifadhi kwa jirani, mchana wakafyeka na kupogoa migomba, mpaka wakayafikia mawe ya kaburi. Wapita njia waliwacheka, eti watu hawana paa wanahangaika na ndizi.

"Ningejengaje," akaniuliza, "na sijui nakanyaga wapi?"

Mimi nimekulia Mwandoya, huku huku Usukumani. Kwetu mtu akirudi kwenye mji wake ulioharibika anaanza na nyumba na zizi, shamba linasubiri mvua. Basi nikamjengea harakaharaka, tena upande wa kulia, kwa sababu kushoto nilitaka nafasi ya maneno.

Nimeona aibu kwelikweli. Angenigombeza ningepumua. Aliuliza tu kama ni lazima katuni iende leo.

Haiendi leo.

Nyumba nimeifuta yote. Ukurasa wa tatu sasa una wasichana wawili walioinama na mapanga, majani makavu ya migomba, na mawe machache yanayoanza kuonekana. Jioni, maji ya ugali yakiwa jikoni, nikampelekea. Akavaa miwani, nikaogopa nimekosea tena. Kisha akasogeza kidole taratibu, kutoka kwenye mawe hadi upande wa pili wa karatasi, ambako sijachora kitu.

"Sasa jenga," akasema.

Kesho naanza na msingi.