Kupunguziwa na Kupunguzwa

Mpendwa Baba,

Leo nimefundisha tena kile kitenzi cha Kiingereza, "reduce". Watoto wameandika kwamba maana yake ni kupunguza, nikawawekea vema, kisha nikaketi. Kila mwaka neno hili linanichosha, na sababu yake sikuwahi kukuambia ukiwa hai.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa darasa la saba. Ulirudi kwenye chumba chetu cha Kondele na barua kutoka kiwanda cha nguo, ukanipa mbele ya Mama kwa maringo.

"Soma, nyathina, mwanangu. Mimi nalipa fee ya nini?"

Nikaona kampuni, nikaona kazi, nikaona "reduce". "Baba, mtapunguziwa kazi!"

Ulicheka mpaka jirani yetu akachungulia. Miaka yote ile kwenye mashine, mgongo umekwisha, hatimaye wamekuonea huruma! Mama alikuwa ameinjika omena, dagaa wetu wa kila siku. Ukamwambia aepue, leo ni siku ya kula samaki mkubwa, ngege, tena mzima mzima.

Jumatatu majina yalisomwa langoni, na lako likiwemo. Haikuwa kupunguziwa kazi, ilikuwa kupunguzwa kazini. Ulirudi saa nne asubuhi, ovaroli kwapani, nami nikajificha nyuma ya pazia. Nikakusikia ukisema, "Mama Akinyi, hawa watu wamenipunguzia kazi mpaka imeisha." Mama hakucheka. Mimi nililia nikiwa nimeuma shuka.

Tukahamia nyumbani Pap Onditi, ukalima mtama na mgongo uleule. Nilingoja unigombeze, hukunigombeza. Nikajipa moyo kwamba hukujua kosa lilikuwa langu, kwamba uliona wazungu wa kiwanda ndio walioandika uongo. Nimebeba jambo hili miaka yote, Baba, na limenichosha kuliko chaki na madaftari.

Juzi Mama aliniambia. Siku ileile ya barua, kabla hatujala, jirani aliisoma barua akakueleza maana yake. Ulimwambia Mama, "Usiambie mtoto. Ataogopa kusoma." Kisha ukaketi, ukala samaki ukinisifu.

Nisamehe, Baba. Nimekumbuka pia kwamba wiki chache baadaye, kabla hatujahama, ilikuja barua nyingine ya Kiingereza. Jirani alikuwa ameketi papo hapo. Ulimpita, ukanipa mimi.

Pumzika salama.

Bintiyo,
Akinyi