Uji wa Asiyechimba

Makanya, Same

Mama mpendwa,

Shikamoo. Salamu hizi ni zako kwanza, kisha ni za ndugu zangu wote waliokuzunguka hapo Mbinga. Naomba barua isomwe kwa sauti, maana jibu langu kuhusu Krismasi linawahusu nyote. Je, mguu umepata nafuu? Kahawa mmekwisha kuivuna? Mimi ni mzima, ila vumbi la jasi limenikausha koo.

Likizo iliyopita niliendesha kambi ya watoto wa hapa, wanaokuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Niliona vyema wajifunze habari za ndiva, bwawa ambalo Wapare hukusanyia maji ya mfereji kwa ajili ya mashamba. Desturi yake ni kali: nyumba isiyotoa mtu siku ya kuzoa tope haipewi zamu ya maji. Watoto wakachimba ndiva yao ndogo ya kumwagilia mchicha, kisha wakajitungia sheria bila kuniuliza: asiyechimba hanywi uji.

Nakijwa, binti wa mchimba jasi, siku ya kuchimba alikuwa kitandani kwa homa. Kesho yake alikuja akiwa bado anatetemeka, akapanga foleni ya uji. Mbonea, waliyemchagua kugawa zamu, akamnyang'anya kikombe.

“Ulichimba?”

“Nilikuwa naumwa.”

“Basi kanywe homa.”

Wenzake wakacheka. Nikampa Nakijwa kikombe changu. Mbonea akasema kwa adabu zote, “Samahani mwalimu, hata wewe hukuchimba.” Wakacheka zaidi, na yule mtoto akanirudishia uji bila kuuonja.

Juzi tulikutana na wazazi kupanga kambi ya Desemba. Niliomba sheria ile ifutwe. Baba mmoja akanijibu, “Mwalimu, wewe kwenu mvua inanyesha mpaka mnaichukia. Sisi bila sheria hiyo tungekuwa tumeshahama.” Wakaamua watoto waitwe, waulizwe. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Nakijwa.

“Ibaki,” alisema. “Safari hii aumwe Mbonea.”

Wazazi walipiga makofi. Sheria ikapita.

Kwa hiyo, Mama, Krismasi sitakuja. Kambi wamenikabidhi tena, na upawa wa uji nitaushika mwenyewe kila asubuhi. Atakayeumwa atakunywa, hata akiwa Mbonea, hata Nakijwa akinichukia kwa hilo.

Nisalimie Baba Mdogo, katekista wetu, shangazi wa vitumbua, na kaka Kastori, atakayekuchinjia kuku wa Krismasi badala yangu.

Ni mimi mwanao, ninayewakumbuka kila mvua inapotupita,
Kandida